Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wito kwa Watu wa Kisumu Kuhusu Wauguzi Wetu Wapya

Ndugu zangu wa Kisumu, nanyi nyote mnaoishi kandokando ya ziwa letu kutoka Port Victoria hadi Muhuru Bay, nina ombi.

Ombi lenyewe linawahusu vijana ambao huenda hamwajui kwa majina, ingawa mmeshapita mikononi mwao. Ni wauguzi waliomaliza masomo juzi juzi. Wametoka chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC hapa Kisumu, Chuo Kikuu cha Maseno, na shule za uuguzi za hospitali za misheni. Wamefanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, wamepata leseni, na sasa wameletwa kwetu: katika wodi za Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lumumba, Ahero, Chulaimbo, Kombewa, na katika zahanati za vijijini ambako gari halifiki mvua ikinyesha.

Mimi si muuguzi. Ni mkazi wa hapa ambaye, kama nyinyi, nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali nikisubiri jina la mtu wangu liitwe. Huko kwenye mabenchi nimewatazama vijana hawa, nimewasikiliza, na nimeamini jambo moja: miaka yao ya kwanza kazini ndiyo inayoamua kama tutakuwa nao kwa miaka 30 au tutawapoteza kabla hawajakomaa. Na mengi yanayowalemea katika miaka hiyo tunaweza kuyapunguza sisi wenyewe. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu ni mgeni anayekuja kutuponya kwa maana yake kamili. Inafaa tujiulize tunampokeaje.

Mtazame akiwa wodini saa nane za usiku. Daktari ameagiza lita moja ya dripu iingie kwa muda wa saa 8. Mpira uliopo unatoa matone 20 kwa kila mililita. Kijana anapiga hesabu kwa kalamu kiganjani mwake: matone 42 kwa dakika. Anaishika ile saa iliyobanwa kifuani, anasogeza kigurudumu cha mpira kidogo kidogo huku midomo yake ikihesabu. Kabla hajafika 20, mama anayemlinda mwanawe kitanda cha pili anamwita, "Sista, mtoto anatapika." Anakwenda, anamgeuza mtoto ubavu, anamfuta, anarudi, anaanza kuhesabu upya. Anajua kwamba dripu ikienda kasi mno, mgonjwa wa moyo au mtoto mwenye utapiamlo anaweza kujaa maji mapafuni. Anajua pia kwamba ikienda polepole mno, mwenye kipindupindu anazidi kukauka. Yote haya alifundishwa. Lakini chuoni alikuwa na mwalimu nyuma yake. Usiku huu anajitegemea, na wodi imejaa.

Hofu ya kukosea ndiyo ya kwanza, na wengi wao huenda nayo hadi nyumbani. Analala mchana, anagutuka: je, ile sindano ya saa kumi na mbili niliiandika kwenye chati? Je, nilimwambia wa zamu inayofuata kuhusu yule bibi wa kisukari? Hofu hiyo si udhaifu. Ni dalili ya mtu anayejua uzito wa anachokishika. Inakuwa hatari pale tu anapoogopa kuuliza kwa sababu swali lake la kwanza lilijibiwa kwa kejeli mbele ya wagonjwa.

Ya pili ni lawama zisizo zake. Glavu zikiisha, yeye ndiye anayetumwa kukwambia ununue. Dawa ikikosekana kwenye duka la hospitali, yeye ndiye anayekuandikia karatasi uende nayo nje. Tangu Oktoba 1, 2024, mamlaka ya bima ya afya, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, ni yeye pia anayesimama mbele ya mgonjwa ambaye usajili wake haujakamilika au mtambo umekwama. Si yeye anayeagiza dawa, si yeye anayepanga bajeti, wala si yeye aliyeunda bima. Lakini ndiye aliye karibu, amevaa sare, na hasira yetu humwangukia.

Ya tatu ni sindano. Mgonjwa akishtuka, mkono ukiteleza, sindano iliyotoka mwilini mwa mgonjwa inaweza kumchoma muuguzi kidoleni. Katika kanda yetu, ambako virusi vya Ukimwi vimeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, kila muuguzi mpya anaifahamu hofu hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi zipo, na zinatakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Halafu huzimeza kwa siku 28, huku akifanya kazi kama kawaida, tumbo likimsokota, na pengine bila kumwambia hata mama yake. Kuna wanaonyamaza kabisa, wakiogopa kuambiwa ni wazembe. Aibu isimnyime kijana dawa.

Ya nne haisemwi sana: kifo cha kwanza. Mgonjwa aliyemwogesha asubuhi anafariki jioni. Jamaa wanaangua kilio, wodi nzima inatetemeka, naye anatakiwa afumbe macho ya marehemu, amnyooshe, amfunge kitambulisho, aandike saa, kisha ageuke ampe mgonjwa wa kitanda cha pili dawa zake kwa sauti ya kawaida. Mnakumbuka Ijumaa ya Agosti 8, 2025, basi lililobeba waombolezaji lilipopinduka kwenye mzunguko wa Coptic, Mamboleo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sote tulilia. Waliowapokea majeruhi hospitalini ilibidi wamalize kazi kwanza. Na Julai 2020, corona ilipomchukua muuguzi wa Hospitali ya Rachuonyo kule Homa Bay, wenzake walirudi wodini wakiwa na msiba wao na hofu yao kwa pamoja.

Kisha kuna riziki. Wengi hukaa muda mrefu baada ya leseni bila ajira, wakipiga lokamu katika kliniki za watu binafsi, leo huku, kesho kule, wakilipwa kwa siku. Mkopo wa elimu wa HELB unasubiri. Wadogo zao nyumbani wanasubiri karo, maana mtoto aliyesomea udaktari au uuguzi huhesabiwa kuwa ameshafika. Wanaopata kazi, mara nyingi huanza kwa mkataba. Mfano tunao: ni hapa Kisumu, Desemba 13, 2018, ambapo Rais Uhuru Kenyatta alizindua majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote, kaunti yetu ikiwa moja ya kaunti 4 pamoja na Isiolo, Machakos na Nyeri. Mwaka 2020, chini ya mpango huo, serikali ya kitaifa iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa mkataba na kuwatawanya katika kaunti. Mwaka 2025 wahudumu hao walikuwa wamepiga kambi nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu na mishahara inayolingana na ya wenzao wanaofanya kazi ileile. Muuguzi asiyejua kama mkataba wake utaendelea hawezi kukodi nyumba nzuri karibu na kazi, hawezi kupanga ndoa, hawezi kutulia.

Na ukivuka maji au ukipanda vilima vya Nyakach, utamkuta mwingine ambaye hana hata mwenzake wa kupokezana zamu. Katika zahanati ndogo, muuguzi mmoja hupima malaria, huchanja watoto, huhudumia wajawazito, hutoa dawa za ARV, hujaza daftari, na usiku huamshwa kuzalisha kwa mwanga wa simu. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini, Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay, katika kanda yetu ya ziwa. Chanjo hiyo ni ya dozi 4: ya kwanza mtoto akiwa na miezi 6, ya mwisho akiwa ameshajua kutembea. Anayekumbuka kwamba mtoto wa fulani hajarudishwa kwa dozi ya nne ni muuguzi huyo huyo wa zahanati. Mtoto akizaliwa bila kulia, dakika ya kwanza ndiyo yenye uzito: amkaushe, amsugue mgongo, asafishe njia ya hewa ikibidi, amsaidie kupumua kwa mfuko na barakoa. Huko Seme au kisiwani Mfangano, dakika hiyo hana wa kumwita.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba tukiwapuuza hakuna gharama. Juni 5, 2017, wauguzi wa hospitali za umma waligoma, na hawakurudi kazini hadi Novemba 2. Kwa miezi mitano tulijua wodi bila wauguzi zikoje, na walioumia zaidi ni wale wasio na pesa za hospitali za binafsi. Dunia nayo inawatafuta. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8. Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya wa Kenya nchini Uingereza. Simlaumu kijana anayekwenda. Ana haki ya kutafuta maisha. Lakini ningependa anayeondoka aondoke kwa kuchagua, asifukuzwe na dharau yetu, giza la barabara zetu na mishahara iliyochelewa.

Basi tufanye nini? Naomba nizungumze na kila mmoja kwa zamu.

Kwenu jamaa za wagonjwa. Tunatoka Nyando, Muhoroni, Siaya na Vihiga tukiwa na wasiwasi, na wasiwasi hutafuta pa kutokea. Mkifika kitandani, mwulizeni muuguzi jina lake na mwiteni kwa jina hilo. Anapohesabu matone au kupima dawa, msubirini amalize kabla ya kumwita, isipokuwa kama hali ni ya dharura. Saa za kuona wagonjwa zikiisha, tokeni mmpe nafasi ya kufanya kazi. Akikwambia glavu zimekwisha, mpe pole kabla ya kukasirika, kisha peleka malalamiko yako kwa msimamizi wa hospitali, anayeweza kuyafanyia kazi. Na mgonjwa wako akipona, rudi umshukuru. Mama mmoja wa makamo nilimwona akimshika mikono kijana wa kiume aliyemhudumia na kumwambia, "Nyathina (mwanangu), Mungu akuzidishie siku." Kijana yule alikuwa amekesha, na alitabasamu mpaka mlangoni.

Kwenu waendeshaji boda boda na tuktuk wa Kondele, Kibuye, Mamboleo na Nyamasaria. Zamu ya mchana ikitoka, ni giza. Binti anayekwenda Manyatta au Nyalenda anatembea akiwa ameshika mkoba kifuani. Kila steji inaweza kuchagua waendeshaji wanaoaminika, majina na namba zao za simu zikabandikwa kwa mlinzi wa lango la hospitali, ili muuguzi ajue anapanda na nani. Na siku za maandamano, barabara ikifungwa kwa mawe na moto, mwenye sare ya uuguzi apishwe bila kuulizwa anaunga mkono nani. Aliyeko wodini akimsubiri anaweza kuwa mwenzenu aliyeumia saa ileile.

Kwenu wazee wa vijiji, machifu na kamati za zahanati. Muuguzi akipangiwa kijiji chenu, mwonyesheni nyumba inayofungika, choo safi na mahali pa kupata maji. Mtafutieni taa ya sola ya chumba cha kujifungulia. Mpangieni zamu ya vijana wanaoaminika wa kumsindikiza anapoitwa usiku. Wahudumu wa afya ya jamii waliopo kila kijiji wamsaidie kuwafuata akina mama ambao tarehe za chanjo zimepita. Mambo haya hayahitaji waziri.

Kwenu wauguzi wakongwe na wasimamizi wa wodi. Nawaheshimu sana, maana mmebeba hospitali zetu katika miaka migumu. Najua mlijifunza kwa ukali na mkasimama. Hata hivyo nawaomba: kila mpya anayeingia wodini apewe mkongwe mmoja wa kumtegemea kwa miezi mitatu ya kwanza, mtu ambaye ruhusa ya kumwuliza lolote imeshatolewa hadharani. Asipangiwe zamu ya usiku peke yake katika majuma yake ya mwanzo. Akichomwa na sindano, neno la kwanza liwe "pole, twende tukaanze dawa", na dawa hizo zipatikane usiku pia, si asubuhi ofisi ikifunguliwa. Awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina B kabla ya kuanza kazi. Mgonjwa wake wa kwanza akifariki, mtoeni nje kidogo, mketi naye, mumpe chai. Mkimrudisha wodini baada ya hapo atafanya kazi kwa mikono iliyotulia.

Kwenu viongozi wa kaunti na wa kitaifa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo stahiki na mazingira ya kazi yanayofaa. Haki hizi mbili hukutana kwa muuguzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi yuko salama. Tunawaomba mlipe mishahara kwa tarehe yake, muwape walio kwa mikataba jibu la wazi kuhusu ajira yao, na mtangaze nafasi za kazi hadharani ili mtoto wa mkulima wa Kano asishindwe na mtoto wa anayejulikana. Sheria ya 2023 kuhusu fedha za uboreshaji wa vituo vya afya inaruhusu kituo kubaki na pesa kinazokusanya. Sehemu ya pesa hizo inunue glavu na taa kabla ya kununua viti vya ofisi.

Na sisi raia tusiishie kuomba. Kaunti yetu ina wadi 35, na sheria inataka maoni ya umma yasikilizwe kabla ya bajeti kupita. Kila mwaka mwelekeo wa bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio yenyewe kufikia Aprili 30, ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai 1. Vikao vya maoni vikitangazwa, tuhudhurie. Tuulize maswali matatu, na tusikubali kuondoka bila majibu: mwaka huu wataajiriwa wauguzi wangapi, na wapi? Mishahara ya walioko imetengewa fedha za miezi yote 12? Zahanati ya kijiji chetu ina wauguzi wangapi usiku? Mwakilishi wa wadi akijua kwamba maswali haya yatarudi mwaka ujao, atayatafutia majibu mapema.

Tuna sababu ya kujali. Hospitali kuu ya mji huu, Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta Oktoba 25, 1969, siku ambayo risasi zilipigwa na watu wetu wakauawa. Tuliipata kwa machozi. Uuguzi nao una mizizi hapa. Grace Ogot, kabla nchi haijamjua kama mwandishi, mbunge wa Gem na waziri msaidizi, alikuwa muuguzi na mkunga. Alisomea Mengo, Uganda, akaendelea Uingereza, kisha akarudi nyumbani kuhudumu na kufundisha katika Hospitali ya Maseno. Naye aliwahi kuwa mgeni katika wodi, na kuna waliomshika mkono.

Na wewe muuguzi kijana, ukiwa unasoma haya baada ya zamu, miguu ikiwa imevimba: uliza usipojua, hata ukiuliza mara tatu. Ripoti sindano saa ileile. Andika ulichofanya kabla hujasahau. Lala ukipata nafasi. Jiunge na wenzako katika chama chenu ili sauti yako isiwe ya mtu mmoja. Siku ukichoka kupita kiasi, mwambie mtu unayemwamini. Mtoa huduma naye anastahili kuhudumiwa. Wengi wetu tulisahau kukushukuru siku ile tulipotoka hospitalini tukikimbilia matatu. Tunakushukuru leo.

Ndugu msomaji, nakuachia kazi mbili. Wiki hii, mtafute muuguzi mmoja kijana katika mtaa wako au kituo cha karibu nawe, mwulize anakabiliwa na nini, na umtatulie jambo moja unaloliweza. Na vikao vya bajeti vikitangazwa katika wadi yako, nenda, simama, uliza kwa niaba yake. Tukiwatunza hawa waliokuja kututunza, ziwa hili litakuwa na wauguzi wake.